Karakana ya Msomaji: Kugeuza injini za modeli ziwe za reli ya geji ya mita

Mwezi huu nimekusanya pamoja barua zinazohusu treni za modeli, hasa za wasomaji waliopata injini ya kiwandani ya Ulaya au Marekani na wanaotaka kuigeuza ifanane na injini za Afrika Mashariki. Jambo moja litajirudia katika majibu yangu, nalo ni kwamba kazi hii huanza kwenye magurudumu kabla ya kufika kwenye rangi, na kwamba kila anayeifanya hana budi kuchagua injini moja halisi, tena katika mwaka mmoja wa maisha yake, na kuifuata hiyo peke yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu anayeishi Ujerumani aliniletea injini ya mvuke ya skeli ya 1:87 pamoja na reli zake. Ningependa iwe injini ya reli yetu ya zamani. Je, inatosha kubadilisha rangi na namba? Mwanafunzi, Voi.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Rangi na namba hazitatosha, kwa sababu tofauti kubwa iko chini ya injini. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ina geji ya mita moja, yaani kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa reli ya pili kuna milimita 1,000. Injini uliyoletewa ni mfano uliopunguzwa mara 87, ndiyo maana ya skeli ya 1:87, wa injini ya geji ya milimita 1,435, ambayo ndiyo geji ya sehemu kubwa ya Ulaya na ndiyo ya SGR inayopita hapo hapo Voi. Ukigawanya 1,435 kwa 87 unapata milimita 16.5, na reli zilizokuja na injini yako zina upana huo. Ukigawanya 1,000 kwa 87 unapata milimita 11.5.

Umoja wa vyama vya wanamodeli wa Ulaya, uitwao MOROP, umeweka kiwango cha milimita 12 kwa reli za geji ya mita katika skeli hii, na kiwango hicho huandikwa H0m. Milimita 12 zikizidishwa mara 87 zinakuwa milimita 1,044, kwa hiyo umekosea kwa nusu milimita tu mezani, na hakuna jicho litakalokukamata. Wasomaji wa upande wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wafurahi pia, kwani geji yao ya milimita 1,067 iko karibu zaidi na hesabu hiyo, na reli ile ile itawafaa. Lakini tofauti kati ya milimita 12 na 16.5 huonekana hata na mtu asiyejua treni. Simama mbele ya injini ya geji ya mita uitazame uso kwa uso: bodi imetokeza mbali nje ya reli pande zote mbili, na magurudumu yamejificha ndani chini ya kivuli chake. Umbo hilo ndilo linaloitambulisha reli yetu, na ukilikosa hakuna namba itakayoliokoa.

Usijaribu kuyasukuma ndani magurudumu ya injini uliyo nayo. Kipande cha chuma kilichoshika mota na gia kati ya magurudumu kwa kawaida ni kinene kuliko nafasi itakayobaki, na ukikipunguza kwa tupa utaharibu matundu ya ekseli. Njia iliyo nyepesi ni kutafuta fremu ya skeli nyingine. Injini za skeli ya 1:120, iitwayo TT, zinapoiga geji ya milimita 1,435 hutembea juu ya reli ya milimita 12 hiyo hiyo. Kampuni ya Tillig ya Ujerumani huzitengeneza, na tangu mwaka 2022 Hornby ya Uingereza nayo imeingia katika skeli hiyo. Ukichukua fremu ya TT pamoja na mota, gia na magurudumu yake, kisha ukaiweka chini ya bodi ya 1:87, umepata injini ya geji ya mita bila kugusa ekseli hata moja.

Hesabu ya magurudumu nayo inakubali. Gurudumu la injini ya mizigo ya Ujerumani lenye kipenyo cha mita 1.4 huwa milimita 11.7 katika 1:120, na milimita 11.7 hizo katika 1:87 ni gurudumu la takriban mita 1.02. Injini za reli nyembamba, hasa zile za zamani za kuvuta mizigo, zilikuwa na magurudumu madogo ya kiasi hicho. Kabla hujanunua fremu, chora kwenye karatasi mahali pa kila ekseli ya injini halisi kwa skeli ya 1:87, halafu linganisha na vipimo vya fremu unayoitaka, kwa sababu idadi ya ekseli na umbali kati yake havirekebishiki kwa urahisi. Injini ya mjomba usiitupe. Boila lake, nundu zake za juu na kibanda cha dereva vitakuwa malighafi ya bodi mpya, na reli zake zitafaa siku utakapotaka kutengeneza SGR pembeni ya reli ya zamani, kama zilivyo huko kwenu.

SWALI: Baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli Nairobi na alizipenda mno injini kubwa za aina ya 59. Nataka kumtengenezea moja kwa skeli ya 1:87. Nina fremu mbili za TT. Nianzie wapi? Binti wa fundi, Nairobi.

JIBU: Dada yangu, mpe mzee shikamoo yangu, kisha mwombe awe mkaguzi wa kazi yako, maana umechagua injini ya mvuke kubwa kuliko zote zilizotembea katika reli ya geji ya mita. Aina ya 59 zilikuwa 34, zilijengwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 252 na urefu wa karibu mita 32. Katika 1:87 urefu huo ni sentimita 36 na ushee. Kabla ya kukata chochote, kata ubao wa karatasi ngumu wenye urefu huo na uupitishe kwenye kona za meza yako ili uone kama utagonga kuta, madaraja ya modeli au treni iliyo njia ya pili.

Muundo wake ni wa Garratt, na usipoelewa muundo huo modeli yako itakwama kwenye kona ya kwanza. Herbert William Garratt alibuni injini yenye sehemu tatu. Mbele kuna fremu yenye silinda na magurudumu yake, juu yake pakiwa na tangi la maji. Nyuma kuna fremu nyingine inayojitegemea vivyo hivyo, nayo hubeba mafuta na maji. Katikati kuna boila na kibanda cha dereva, vikiwa juu ya kitanda cha chuma ambacho ncha zake mbili zimekaa juu ya egemeo la kila fremu. Injini za kwanza za muundo huu zilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, zikiwa za geji ya milimita 610, na faida yake ilikuwa kwamba boila nene liliweza kushuka chini kati ya fremu mbili, bila magurudumu kulizuia, katika reli nyembamba yenye kona kali.

Kosa linaloharibu modeli nyingi za Garratt ni kuliunganisha tangi la mbele na boila kwa sababu kwenye picha ya ubavuni vinaonekana kama kitu kimoja. Tangi ni la fremu ya mbele na hugeuka pamoja nayo. Acha pengo la milimita mbili hivi kati ya uso wa boila na mgongo wa tangi, kisha zungusha fremu kwa mkono hadi mwisho wa kona yako iliyo kali kuliko zote, ukitazama kutoka juu. Kona za tangi zikigusa boila, ongeza pengo kidogo kidogo kwa tupa badala ya kuhamisha egemeo, kwani egemeo likihama injini nzima hubadilika urefu wa kuonekana. Kila egemeo liwe skrubu yenye bega, washa (pete bapa ya chuma) na springi laini, ili fremu iweze pia kuinama kidogo pale reli inapopanda au kushuka. Nyaya zinazotoka fremu moja kwenda nyingine ziwe nyembamba na zenye ulegevu, zipite karibu kabisa na egemeo. Waya mgumu una nguvu ya kuiangusha fremu nje ya reli.

Kuhusu fremu zako mbili za TT, nina wasiwasi na magurudumu. Gurudumu la kusukuma la aina ya 59 lilikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 6, sawa na milimita 1,372, ambazo katika 1:87 ni milimita 15.8. Katika TT gurudumu la ukubwa huo ni la injini ya abiria ya mwendo kasi, na injini za namna hiyo mara nyingi zina ekseli tatu za kusukuma ilhali wewe unahitaji nne kila upande. Ukitumia fremu za injini ya mizigo zenye magurudumu ya milimita 11.7, injini itakuwa fupi ya miguu, na mzee atalijua hilo kabla hujaitia rangi. Ningekushauri ununue magurudumu na gia peke yake, utengeneze fremu kwa mabamba ya shaba ya njano, na utumie zile fremu za TT kwa injini ndogo zaidi iwe mazoezi yako. Mota zako mbili ziwe za aina moja, na uzipime kwa umeme ule ule kabla ya kuzifunga. Moja ikizunguka kwa kasi kuliko nyingine, itavuta huku mwenzake akiwa breki.

Una bahati ya kukaa mji ambao injini yenyewe ipo. Katika Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kuna namba 5918, Mount Gelai, kwani injini hizi zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nenda na utepe wa kupimia, daftari na kamera, ukipewa ruhusa piga picha za juu, chini na miunganiko ya mabomba, na uweke rula ndani ya picha. Lakini fahamu kwamba injini iliyoko makumbusho iko katika hali ya mwisho wa maisha yake. Injini nyingi za Afrika Mashariki zilibadilishiwa bomba la moshi na kuwekewa lile la Giesl, mhandisi wa Austria, ambalo ukilitazama kwa juu ni jembamba na refu badala ya kuwa duara. Ukitaka injini kama ilivyotoka Manchester, bomba lake ni la duara. Ukitaka ile aliyoishughulikia baba yako katika miaka yake ya mwisho kazini, muulize yeye na utafute picha ya mwaka huo. Kadhalika usiweke makaa ya mawe nyuma, kwa kuwa injini hizi zilichoma mafuta mazito. Sehemu ya nyuma juu ni bapa lenye vifuniko vya kujazia.

SWALI: Nina kichwa cha dizeli cha General Electric cha Marekani, skeli ya 1:87. Kinaweza kuwa kichwa cha aina ya 93 cha Kenya? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu yangu, jamaa ni mmoja lakini mwili ni mwingine. Aina ya 93 ni U26C, kichwa kilichobuniwa kwa ajili ya reli nyembamba za nje ya Marekani, na upana wake ni mdogo kuliko wa vichwa vinavyotembea Marekani, ambavyo hukaribia mita 3.1. Ukipima kichwa halisi au ukapata mchoro wake na kuona upana wa mita 2.75, katika 1:87 ni milimita 31.6, wakati bodi yako ni kama milimita 35.6. Itabidi ukate ukanda wa milimita 4 katikati ya paa na pua kwa urefu wote, kisha uunganishe nusu mbili. Ni kazi inayowezekana, ila feni na matundu ya paani yataharibika na utayatengeneza upya. Afrika Kusini ilinunua U26C nyingi kwa reli yake ya milimita 1,067 na kuziita aina ya 34, na wanamodeli wengi wa huko hujenga bodi za 1:87 kwa upana sahihi huku wakiziacha juu ya reli ya milimita 16.5. Bodi ya namna hiyo, ikiwekewa bogi (fremu ndogo za magurudumu zinazogeuka chini ya bodi) za milimita 12, itakufikisha mapema kuliko msumeno.

Halafu ondoa bafa za pembeni, yaani vile visukumio viwili vya mwishoni, kama modeli yako inazo. Vichwa vyetu vina kiunganishi kimoja katikati, kilichokaa kama kiganja kilichokunjwa vidole, na viunganishi vya modeli vya kampuni ya Kadee vinafanana nacho vizuri. Vifunge vyote kwenye urefu mmoja kutoka juu ya reli, injini na mabehewa.

SWALI: Huku hakuna duka la modeli. Nitapata wapi mabomba, vishikio na taa za kuremba injini yangu ya mvuke ya geji ya mita? Fundi redio, Tabora.

JIBU: Ndugu fundi, meza yako ina vitu ambavyo wanamodeli wa Ulaya hununua kwa bei kubwa. Mrija mgumu wa nyaya za umeme wenye kipenyo cha milimita 20 ni boila la mita 1.74 katika 1:87, na ule wa milimita 25 ni la mita 2.17. Linganisha na mchoro wa injini yako uchague. Kumbuka kwamba mrija huo ni wa PVC, kwa hiyo gundi inayoyeyusha plastiki ya kawaida ya modeli haitaushika, na utahitaji epoksi au gundi ya supa baada ya kuusugua kwa msasa. Kopo la soda hutoa bati laini la kutengenezea vifuniko na paa. Mota ndogo za mashine za CD zilizokufa hufaa kwa injini nyepesi.

Kwa vishikio, fanya hesabu kwanza. Bomba la kushikia lenye unene wa milimita 32 katika injini halisi ni milimita 0.37 katika modeli, na waya mmoja mgumu wa unene wa kati ya 0.35 na 0.4 ndio wake. Waya wa milimita 1, ambao wengi hutumia kwa sababu uko karibu, ungekuwa nguzo ya sentimita 8.7 ubavuni mwa boila, na hakuna dereva angeweza kuizungushia vidole. Nyosha waya kwa kuushika ncha zote mbili kwa koleo na kuuvuta mpaka uhisi umelegea kidogo mkononi. Chora mstari ubavuni mwa boila kwa penseli kali, ukitumia kipande cha ubao kama kiongozi ili mstari uwe sambamba na njia ya kutembelea. Tia alama za matundu kwa ncha ya sindano, kisha toboa kwa keekee ya mkono, ukizungusha polepole bila kukandamiza, kwani biti ya milimita 0.4 huvunjika kwa uzito wa kidole. Vijicho vya kushikilia waya hutengenezwa kwa kuzungusha uzi mmoja wa waya wa simu kwenye sindano na kusokota mikia yake. Pitisha vijicho vyote kwenye waya kwanza, ndipo uingize mikia kwenye matundu, usawazishe kwa jicho ukiwa umeinamia mwisho wa boila, na kutia gundi kwa ndani tu. Gundi ikitoka nje huacha doa ambalo rangi hulionyesha zaidi badala ya kulificha.

Mabomba ya shaba yalehemu kabla ya kuyapeleka karibu na plastiki. Na kwa kila bomba jiulize linatoka wapi na linakwenda wapi. Bomba la maji hutoka kwenye tangi, hupita kwenye kifaa cha kuyasukuma maji na kuingia kwenye boila, na bomba la mchanga hushuka mbele ya gurudumu la kusukuma. Bomba lisilo na mwanzo wala mwisho ni afadhali lisiwepo, hata kama linapendeza. Picha kumi za injini moja zitakufaa kuliko picha mia za injini mbalimbali, kwa maana mafundi wa kila karakana walihamisha taa, ngazi na mabomba kwa namna yao.

SWALI: Nimemaliza injini yenye rangi ya damu ya mzee ya reli ya Afrika Mashariki, lakini baada ya kupulizia vanishi imepata ukungu mweupe. Nifanyeje? Mzaliwa wa Unguja, Maskati.

JIBU: Mzee wangu, ukungu huo ni wa unyevu. Kiyeyusho cha vanishi kinaporuka kwa haraka hupoza uso wa modeli, na unyevu wa hewa ya pwani hutua juu yake kabla vanishi haijakauka. Mara nyingi mpulizo mwembamba wa vanishi ile ile, katika chumba chenye kiyoyozi ambamo hewa imekauka, huufuta. Jaribu kwanza chini ya fremu. Siku nyingine pulizia ndani ya chumba hicho, ukiwa umeiacha modeli humo usiku mzima na ukiondoa mvuke wa kiyeyusho kwa feni ya dirishani, kwa kuwa unadhuru mapafu.

Ukifika kwenye uchafu, gawa rangi kwa mahali. Juu ya paa na nyuma ya bomba la moshi ni masizi meusi ya mafuta, yasiyo na mng'ao. Kwenye mdomo wa tangi la maji na michirizi inayoshuka kutoka hapo ni weupe wa chumvi ya maji. Chini, kwenye magurudumu, bogi na ngazi, ni vumbi jekundu, lililo zito zaidi kwa injini iliyovuka Tsavo. Vyuma vinavyounganisha magurudumu vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo baada ya kutiwa vumbi, kwa sababu katika injini iliyo kazini mafundi huvipaka mafuta kila safari na vumbi haliwezi kutulia juu yake likiwa kavu.